Volti za Wapi?

Hoteli ina meza nne na paa la mabati. Iko Ndara, kando ya barabara kuu ya Mombasa, mlima wa Sagalla ukiwa mgongoni mwake na mji wa Voi mwendo mfupi wa matatu. Chai hapa huanza kabla ya jua, kwa sababu madereva wa malori hawangoji jua. Mwenye hoteli ana birika la umeme la lita 1.7, na chini yake pamebandikwa karatasi ndogo ya fedha: volti 240, wati 2000. Bei ya tokeni ameizoea. Kinachomkera ni dakika.

Hoja ni hii: mtu anayetumia stima anahitaji hesabu, au mkono wa fundi mzoefu unamtosha? Sauti nimezipanga mimi, kutokana na ubishi ninaousikia kila stima inapotajwa. Hesabu anaweza kuzirudia yeyote mwenye simu. Nami nitaingilia kati nikiona inafaa, maana katika jambo hili nina upande.

MAMA WA HOTELI: Birika hili nililinunua kwa ajili ya haraka. Dada yangu yuko Mwatate, ana la namna hii hii, kwake linachemsha kwa dakika nne na ushei. Kwangu ni dakika sita na zaidi. Fundi ameitwa mara mbili. Anatia mita kwenye soketi, anasema stima iko sawa. Kama iko sawa, dakika zangu mbili zinakwenda wapi?

FUNDI: Nilipima, Mama. Mita ilisoma 221. Hazifiki 240, lakini huku tuko mbali na transfoma, na 221 ni stima ya kuridhisha. Kisha nikashika plagi. Mimi nyaya nazijua kwa mkono: penye tatizo pana joto. Plagi yako ilikuwa vuguvugu tu. Hizo hesabu za omu na ampea waachie watoto wa mtihani.

MWANAFUNZI: Lakini Fundi, hesabu haikubaliani na wewe. Birika ni wati 2000 kwa volti 240. Volti zidisha kwa zenyewe, gawa kwa wati, unapata ukinzani wa birika: omu 28.8. Sasa kwa volti 221, nguvu ni 221 mara 221, gawa kwa 28.8. Jibu ni wati 1,696.

MAMA: Na dakika?

MWALIMU: Dakika zinatoka kwenye maji. Lita 1.7 kutoka nyuzi 25 hadi 98, kwa sababu Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari na maji huchemka kabla kidogo ya kufika 100. Hiyo ni kilojuli 520 hivi. Kwa wati 2000 ni dakika nne na theluthi, kama kwa dada yako. Kwa wati 1,696 ni dakika tano na sekunde chache. Wewe unasema sita na zaidi. Kuna dakika nzima ambayo hata volti 221 haziwezi kuieleza.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini. Mama hana mita wala kanuni. Alikuwa na saa ya ukutani na mazoea ya kumimina chai, na kwa vitu hivyo viwili alikuwa ameshapima kitu ambacho mita ilikikosa mara mbili.

MWALIMU: Fundi, ulipopima, birika lilikuwa limewashwa?

FUNDI: Lilikuwa limechomolewa. Soketi ni moja. Birika likiingia, mita niitie wapi?

MWALIMU: Basi ulipima stima iliyolala. Chukua bomba refu la maji, bana mdomo wake: msukumo mwanzoni na mwishoni ni mmoja, hata bomba likiwa jembamba kama unyasi. Achia maji yapite, ndipo utajua bomba ni jembamba. Waya nao usipopitisha mkondo hauli volti. Ampea sifuri mara omu zozote ni sifuri.

FUNDI: Hilo nalijua.

MWALIMU: Najua unalijua. Ila hukulitumia.

Niwaache wapumue kidogo nimtaje mtu mmoja. Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne, Ujerumani, na kitabu chake kilichapishwa Berlin mwaka 1827. Wengi humkumbuka kwa herufi tatu ubaoni. Kazi yake mezani ilikuwa nyaya za urefu mbalimbali: aliziunga moja baada ya nyingine katika mzunguko ule ule, akatazama mkondo ukipungua kadiri waya ulivyorefuka. Betri za siku zile zilikuwa zinayumba, hazitulii, akaziacha, akatumia umeme unaotokana na joto la metali mbili zilizounganishwa, kwa kuwa huo ulitulia. Nchini kwake hakupokewa kwa shangwe. Uingereza ilimpa medali ya Copley mwaka 1841. Namtaja kwa sababu shida yake ilikuwa shida ya huyu mama: waya mrefu kutoka chanzo hadi mahali pa kazi. Wa mama una mita 70. Boksi la mita liko kwenye nyumba kubwa, hoteli iko barabarani, na waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba umepita chini ya paa, ukaning'inia uwanjani, ukaingia chini ya paa la pili.

Wakapima upya. Fundi alileta adapta yenye matundu mawili, birika likaingia moja, ncha za mita zikaingia la pili. Kwenye boksi akaweka ile mita ya kukumbatia waya, na hapo niliona ustadi ambao kitabu hakiutoi: aliukumbatia waya wa moto peke yake. Ukikumbatia wa kwenda na wa kurudi pamoja, mita husoma sifuri, kwa sababu mikondo inafutana, na wako wanaodhani kifaa kimeharibika.

FUNDI: Birika linanguruma. Kwenye boksi, volti 216. Ampea 6.94. Ngoja niende hotelini. Huku ni volti 200. Mia mbili kamili.

MAMA: Mara mbili umeniambia 221.

FUNDI: Mama, nisamehe. Nilipima vibaya.

MWANAFUNZI: Sasa tunaweza kupata ukinzani. Volti 240, gawa kwa 6.94, omu 34.6.

MWALIMU: Volti 240 umezipata wapi?

MWANAFUNZI: Stima ya Kenya ni 240.

MWALIMU: Imeandikwa 240. Nani amezisoma leo katika nyumba hii? Hakuna. Kwa hiyo hizo omu 34.6 si za kitu chochote. Gawa 200 kwa 6.94.

MWANAFUNZI: 28.8. Ni lile birika.

MWALIMU: Gawa 216.

MWANAFUNZI: 31.1.

MWALIMU: Hilo ni birika pamoja na waya. Sasa toa 200 kwenye 216, baki gawa.

MWANAFUNZI: Volti 16 kwa 6.94… omu 2.3. Ni waya peke yake.

Mkondo ulikuwa mmoja, majibu yakawa manne: matatu ya kweli kwa vitu vitatu tofauti, na moja halina mwenyewe. Nimeona daftari nyingi za wanafunzi wanaojua kuchora ile pembetatu, volti juu, mkondo na ukinzani chini, unafunika unachotafuta kwa kidole. Kidole hakiulizi volti ni za wapi. Ningekuwa na mamlaka juu ya somo hili, ningemkataza mwanafunzi kuandika V mpaka aseme ncha mbili za mita zimegusa nini na nini.

MAMA: Mimi nieleze kwa wati, maana ndizo ninazozinunua.

MWANAFUNZI: Volti mara ampea. Birika linapata 200 mara 6.94, ni wati 1,388. Waya unakula 16 mara 6.94, ni wati 111. Jumla 1,499, na ukizidisha 216 kwa 6.94 unapata hizo hizo 1,499.

MAMA: Na hizo 111 nalipa mimi?

FUNDI: Unalipa. Zimeshapita kwenye mita. Tofauti ya 240 na 216 iko upande wa pili wa mita, ile haihesabiwi kwako.

MAMA: Lakini inanichelewesha.

FUNDI: Inakuchelewesha, ila huilipii. Hizi 16 unazilipia, na zinakuchelewesha vile vile.

MWALIMU: Kwa haki, tuziweke kwenye mizani. Kila chai inachukua dakika 6 na sekunde 14. Ukichemsha mara 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, waya unakula yuniti 69 hivi. Si mali ya kukufilisi.

FUNDI: Umeona? Fedha kidogo. Ndiyo maana nasema mkono unatosha. Na niongeze jingine, Mwalimu, kwa sababu nyinyi wa chaki mnajiamini mno. Friji ile pale. Juzi nilipima ampea 1.1 kwa volti 216. Kijana, zidisha.

MWANAFUNZI: Wati 238.

FUNDI: Si kweli. Mita ya tokeni haisomi 238. Mota ya friji inachukua mkondo ambao sehemu yake inakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Volti mara ampea kwa birika ni sawa, kwa pasi ni sawa. Kwa mota unapata namba kubwa kuliko inayolipiwa. Na ukigawa 216 kwa 1.1 unapata omu 196, lakini chomoa friji, pima nyaya za mota yenyewe, utakuta omu chache tu. Zaidi ya hapo, volti zikipungua birika linachukua mkondo mdogo, lakini mota inaweza kuchukua mkubwa zaidi ili isukume mzigo ule ule, na ndivyo mafriji yanavyoungua. Hilo pembetatu inalijua?

MWALIMU: Hailijui. Umesema kweli, na tunakosea tukiwafundisha watoto kana kwamba kila kifaa ni birika. Hata balbu ya zamani, ya waya unaong'aa, ile Mama anayowawekea vifaranga. Imeandikwa wati 60 kwa 240, na hesabu inatoa omu 960. Ipime ikiwa imezimwa na baridi, utasoma chini ya 100. Namba zote mbili ni sahihi. Waya wake ukiwaka unafika nyuzi zaidi ya elfu mbili, na ukinzani unapanda pamoja na joto. Omu 960 zinakuwepo taa inapowaka, basi.

Nilifurahi kumsikia mwalimu akikubali, na zaidi kumwona fundi akichora mkondo wa mota kwenye meza kwa kidole kilicholowa chai. Ila nadhani fundi alijipiga mwenyewe. Aliyoyasema kuhusu friji hakuyapata kwa kushika. Aliyapata kwa kupima, akalinganisha na hesabu, akaona hesabu imekataa. Mkono pekee ungemwambia friji ni ya moto kwa nyuma, kama friji zote.

Mzee mmoja alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake. Shamba lake liko chini ya Sagalla, upande ambao ndovu huja usiku kutoka Tsavo.

MWANAFUNZI: Shikamoo, Mzee. Karibu mezani.

MZEE: Marahaba. Mimi nina swali la fensi. Fensi ya stima ya kuzuia wanyama, tunaambiwa ina volti elfu tano, elfu saba. Mtu akiigusa anaruka, anatukana, anakwenda zake. Ya hapa ukutani ni 216 na inaua. Na wakati wa kiangazi fensi inakuwa dhaifu, ndovu hata hajali. Mnaniambia nini?

MWALIMU: La kwanza ni muda, Mzee. Fensi inapiga kama mara moja kwa sekunde, na kila pigo ni fupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde. Ukuta haupigi ukaacha, unashika. La pili, la kiangazi, ndilo swali letu la leo. Stima ya fensi inapita kwenye waya, inaingia mwilini mwa ndovu, inashuka miguuni, kisha lazima irudi kwenye mashine kupitia udongo. Udongo wetu ukikauka unakuwa na ukinzani mkubwa mno. Mwili na udongo vinagawana zile volti kama birika na waya vilivyogawana 216: mwenye omu nyingi anachukua volti nyingi. Mashine imeandikwa 7,000, lakini nyingi zinaishia mchangani. Ndovu anapata makombo.

MZEE: Na pembe?

MWALIMU: Pembe haipitishi stima vizuri. Wanaovunja waya kwa pembe hawapati hata hayo makombo.

MZEE: Basi ndovu amesoma kuliko sisi. Ndiyo maana huku Sagalla tulitundikiwa mizinga ya nyuki, ile kazi ya shirika la Save the Elephants, mizinga ya kweli na ya bandia ikipishana kila mita 10. Nyuki hahitaji udongo uloane.

Kicheko kilipoisha fundi alikuwa amenyamaza, anatazama nje, pale fimbo ya shaba ilipopigiliwa ardhini kwa ajili ya usalama wa hoteli. Udongo mwekundu uliizunguka, umepasuka.

FUNDI: Mwalimu, ardhi hii ikiwa na omu 100 pale kwenye fimbo?

MWALIMU: Fanya wewe.

FUNDI: 216 kwa 100… ampea 2.16. Fyuzi ya plagi ni 13. Haitakatika.

MWALIMU: Haitakatika. Birika likivuja stima kwenye bati lake, mkondo utakwenda ardhini siku nzima, wati mia nne na zaidi, na bati litabaki na stima likimngoja mwenye mikono iliyoloa. Mwili ulioloa chukua omu 1,500. Gawa 216.

MWANAFUNZI: Ampea 0.144.

MWALIMU: Miliampea 144. Vile vikata-stima vya usalama vinavyofungwa kwenye boksi vimewekwa vikate kwa 30. Fyuzi ya 13 inalinda waya usiungue. Mtu hailindi.

MAMA: Mimi ninacho hicho?

FUNDI: Huna, Mama. Nitakuwekea. Hiki siwezi kukijua kwa mkono. Mkono ukikijua, nimeshakufa.

Kwangu mjadala uliamuliwa hapo, na aliyeuamua ni fundi. Lakini Mwalimu hakuwa amemaliza na zile omu 2.3.

MWALIMU: Waya wa shaba wa milimita 1.5 una omu 12.1 kwa kila mita 1,000. Mita 70 kwenda, 70 kurudi.

MWANAFUNZI: 140 mara 0.0121… omu 1.7.

MWALIMU: Sisi tumepima 2.3. Omu 0.6 ni za nani?

FUNDI: Kuna kiungo.

MWALIMU: Na joto lake?

FUNDI: Ampea mara ampea mara omu. 6.94 mara 6.94 mara 0.6… wati 29.

Alipoitamka namba hiyo alisimama. Chuma cha kulehemu cha fundi wa redio ni wati 25, na kinayeyusha risasi. Wati 82 za waya zimetawanyika katika mita 70, hakuna mkono utakaozisikia. Wati 29 zimekaa mahali pamoja pasipozidi urefu wa kidole, pengine juu ya dari, karibu na mbao kavu. Alizima meinswichi, akaweka ngazi.

Kiungo kilikuwa chini ya bati la pili, nyaya mbili zilizosokotwa kwa mkono miaka hiyo na kufungwa utepe mweusi. Utepe ulikuwa umegeuka kahawia na kukauka kama ganda la muhogo. Alipouchambua ulivunjika vipande, na shaba ya ndani ilikuwa nyeusi. Ubao uliokuwa chini yake ulikuwa na alama ya hudhurungi, pana kama shilingi ishirini. Aliikata sehemu yote, akaunga kwa kiungo cha skrubu ndani ya kiboksi, akashuka.

Birika likawashwa. Kwenye boksi, 216. Hotelini, 204. Ampea 7.08.

MWANAFUNZI: Volti 12 kwa 7.08, omu 1.7. Ni waya mtupu sasa. Birika linapata wati 1,444. Dakika 5 na sekunde 59.

MAMA: Kutoka 6 na 14? Sekunde 15 tu?

FUNDI: Sekunde 15, Mama. Tukiweka waya wa milimita 4 utapata volti 211, zitapungua nyingine 20 na zaidi. Zilizobaki ziko kwenye nguzo, hizo siziwezi.

Mama hakumjibu. Alikuwa amekiokota kile kiungo kutoka kwenye sinia, anakinusa, kisha anainua macho kwenye dari, mahali ambapo kwa chini ndipo alipokuwa akilaza mtoto mchana. Baadaye aliuliza mita moja ya waya wa milimita 4 inauzwaje Voi.